Bustani za Kukodi za Uingereza Katika Majira ya Machipuko

Bustani ya kukodi ni kipande cha ardhi, aghalabu cha halmashauri ya mji au ya kijiji, ambacho mkazi wa Uingereza hupangishwa kwa kodi ya mwaka ili alime mboga na matunda ya kula nyumbani kwake. Kipande kizima kina rodi 10, kipimo cha kale kinacholingana na takriban mita za mraba 250, ingawa wapangaji wapya wengi siku hizi hupewa nusu tu. Vipande hukaa pamoja ndani ya uzio mmoja, na kati ya kimoja na kingine hupita kijia cha nyasi. Kila mpangaji ana kibanda chake cha mbao, pipa la maji ya mvua na rundo la mboji. Mavuno ya mwaka mzima hutegemea kazi ya Machi, Aprili na Mei, na hiyo ndiyo miezi ambayo hali ya hewa ya visiwa vya Uingereza haitabiriki hata kwa juma moja.

Chimbuko na sheria

Asili ya bustani hizi ni watu kunyang'anywa ardhi. Katika karne za 18 na 19 Bunge lilipitisha maelfu ya sheria zilizogeuza malisho na mashamba ya pamoja kuwa mali ya watu binafsi, na wanakijiji waliokuwa wakichunga ng'ombe na kuokota kuni huko wakabaki mikono mitupu. Sheria ya 1845 iliagiza sehemu ya ardhi hizo itengwe kwa ajili ya maskini, isiyozidi robo ekari kwa mtu. Kilichotengwa hasa kilikuwa haba. Msingi wa mfumo wa leo ni Sheria ya 1908, inayozibebesha halmashauri wajibu wa kutoa vipande panapokuwa na uhitaji. Wapiga kura 6 wa eneo wakipeleka ombi, halmashauri haina budi kulizingatia. Sheria ya 1925 ilikataza kuuza ardhi iliyopatikana kwa ajili hiyo bila idhini ya waziri, na ile ya 1950 ikaruhusu kufuga kuku na sungura. Jogoo haruhusiwi, kwa sababu ambayo jirani yeyote anaielewa.

Vita viwili vya dunia ndivyo vilivyojaza bustani hizi. Mwaka 1918 kulikuwa na vipande kama milioni 1.5, na kampeni ya kulima kwa ajili ya ushindi katika Vita Kuu ya Pili ikaifikisha idadi karibu na hapo tena. Leo vimebaki kama laki tatu na ushei. Kati ya vilivyo maarufu ni vya St Ann's mjini Nottingham, takriban ekari 75 za bustani za enzi ya Malkia Victoria zilizogawanywa kwa nyua za miti, ambazo zimeorodheshwa miongoni mwa hazina za kihistoria za England.

Karibu kila mkataba wa upangaji una sharti kwamba kipande kilimwe. Kamati ya eneo hupita kukagua, mara nyingi katika machipuko, na anayekutwa na magugu hupelekewa barua ya onyo. Hapo ndipo mpangaji mgeni huponzwa: karatasi inamhimiza aonekane analima, ilhali udongo na anga vinamwambia angoje. Wengi hutii karatasi, wakapanda mapema, miche yao ikaunguzwa na baridi.

Hewa zinazogombania kisiwa

Uingereza imekaa pale hewa za tabia tofauti zinapokutana. Kusini-magharibi hutoka hewa vuguvugu yenye unyevu wa Atlantiki, kaskazini huteremka hewa ya Aktiki, na mashariki huja hewa kavu ya bara ambayo mwezi Machi bado ina baridi ya Urusi. Mkondo wa upepo mkali wa anga za juu ndio huamua ipi itawale, na katika machipuko mkondo huo hujipindapinda. Bahari nayo huchelewa kupata joto, kwa hiyo pwani ya mashariki yaweza kutetemeka kwa ukungu wa baharini wakati watu wa London wamevua makoti.

Mwaka 2018 unatosha kuwa mfano. Machi ilianza kwa theluji nzito iliyoletwa na upepo wa mashariki. Tarehe 19 Aprili kipimajoto cha St James's Park, London, kikafika nyuzi 29.1 za Selsiasi, joto ambalo Aprili haikuwa imelishuhudia tangu 1949. Mwaka 2021 mambo yalikwenda kinyume: Aprili ilikuwa kavu na yenye jalidi (barafu nyembamba ya usiku) nyingi kuliko Aprili yoyote katika miaka 60, kisha Mei ikaipa Welisi mvua ambayo rekodi zake za mwezi huo hazikuwa nayo. Machipuko ya 2025 yakavunja rekodi za Uingereza za joto na za saa za jua kwa pamoja. Na anayedhani Juni imemtoa hatarini akumbushwe tarehe 2 Juni 1975, siku ambayo mechi ya kriketi kati ya Derbyshire na Lancashire huko Buxton ilizuiwa na theluji.

Mkulima wa Afrika Mashariki hujiuliza masika yataanza lini. Mwenye bustani ya kukodi ana swali jingine kabisa: usiku wa baridi wa mwisho utakuwa upi? Jibu hulipata baada ya kupita.

Jalidi

Wakulima wa Nyandarua nchini Kenya na wa Makete nchini Tanzania wanaijua jalidi. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake angani, hewa inayoigusa hupoa na kuwa nzito, kisha hutiririka kwenda mabondeni. Vipande vya chini kabisa katika eneo, hasa palipo na ukuta au ua mnene unaoizuia hewa hiyo isitoke, huunguzwa wakati vya juu vimesalimika. Kukata uwazi chini ya ua husaidia kuliko dawa yoyote. Saa mbaya zaidi si usiku wa manane, ni karibu na macheo.

Utabiri wa redio nao unahitaji kusomwa kwa akili. Joto linalotangazwa hupimwa takriban mita 1.25 juu ya ardhi, kwa hiyo utabiri wa nyuzi 3 hauzuii majani yaliyo usawa wa udongo kushuka chini ya sifuri. Wazoefu husikia nyuzi 4, wakatazama juu, wakiona nyota nyingi wanarudi bustanini na vitambaa.

Jani la kiazi mviringo lililopigwa na jalidi linaeleza vizuri kinachotokea. Alfajiri bado limesimama, kingo zake zimepakwa weupe mwembamba wa chembe za barafu. Maji ndani ya seli zake yameganda na kuta zake zimeharibika, ila hilo halionekani bado. Jua likilifikia, barafu inayeyuka, jani linalegea na kuwa na rangi ya kijani iliyoloa. Kufika mchana ni jeusi, limenyauka kama mchicha uliosahaulika jikoni. Mmea haufi. Kiazi kilicho ardhini hutoa chipukizi jingine, mavuno yakachelewa kwa majuma kadhaa. Nyanya, maboga na maharage hayana akiba hiyo, na maua ya tufaha yaliyofunguka huanza kufa joto likishuka kama nyuzi 2 chini ya sifuri.

Kusini mwa England jalidi ya mwisho huangukia kati ya mwishoni mwa Aprili na katikati ya Mei. Kaskazini na Uskoti yaweza kuchelewa hadi mwanzo wa Juni. Wajerumani na majirani zao wamezipa siku za tarehe 11 hadi 15 Mei majina ya watakatifu wa barafu, na hawatoi miche laini nje kabla ya hapo. Ni kanuni nzuri hata kwa asiyewajua watakatifu hao.

Udongo kabla ya kalenda

Pakiti za mbegu huandikwa miezi. Mbegu zenyewe hufuata joto la udongo. Maharage mapana na njegere huanza kuota udongo ukiwa na nyuzi 5 hivi, karoti kama 7, na maharage ya kutambaa pamoja na mahindi matamu hutaka 10 hadi 12. Kipimajoto cha udongo huchomekwa hadi urefu wa kidole saa 3 asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Jua la saa 8 mchana huipasha tabaka ya juu pekee na humdanganya mpimaji. Mbegu ya haragwe iliyozikwa kwenye udongo baridi uliolowa haingoji, huoza. Ndiyo maana haragwe lililopandwa mwishoni mwa Mei mara nyingi hulipita lile la Aprili.

Unyevu una kipimo chake cha mkono. Chukua konzi ya udongo, uifinye, kisha uiguse kwa kidole gumba. Ikivunjika vipandevipande, ingia na reki. Ikibaki donge linalong'aa, rudi kibandani ukanoe majembe. Hili lina uzito zaidi kwenye udongo wa mfinyanzi uliotapakaa England ya kati na kusini: buti moja juu ya mfinyanzi uliolowa hukandamiza nafasi za hewa, na kiangazi sehemu hiyo huwa ngumu kama sakafu. Anayelazimika kuingia hukanyaga ubao mpana. Mtindo wa kutolima kabisa, ambao Charles Dowding wa Somerset ameueneza kwa vitabu na video, hulimaliza tatizo kwa njia nyingine: mboji hutandazwa juu kila mwaka, mbegu hupandwa humohumo, na watu hupita kwenye vijia tu. Unahitaji mboji nyingi, na hapo ndipo wengi hukwama.

Viazi na Ijumaa Kuu

Desturi ya kupanda viazi siku ya Ijumaa Kuu ingali hai. Maelezo ya kawaida ni kwamba hiyo ilikuwa mojawapo ya siku chache ambazo kibarua alikuwa huru. Kama mwongozo wa kilimo haina maana sana, kwa kuwa Ijumaa Kuu huweza kuwa popote kati ya tarehe 20 Machi na 23 Aprili, na tofauti ya majuma karibu matano kwa kiazi ni kubwa. Mbegu zenyewe huchipushwa ndani kuanzia Februari, zikipangwa kwenye trei za mayai karibu na dirisha lenye mwanga na ubaridi, hadi zitoe vichipukizi vifupi vinene. Hupandwa kina cha sentimita 10 hadi 15. Majani yakichomoza na utabiri ukitisha, hufukiwa tena kwa udongo wa pembeni. Kiazi hakichukii, na tuta lingehitajika vyovyote vile.

Kufunika, na kukomaza miche

Silaha kuu ya msimu ni kitambaa chepesi cheupe cha plastiki iliyosokotwa, kinachopitisha mwanga na mvua na kuzuia nyuzi joto moja au mbili zisipotee. Hulazwa jioni, hushikizwa kwa mawe, huondolewa asubuhi ili nyuki wafike kwenye maua. Upepo wa machipuko hukichukua kwa urahisi, na si ajabu kukikuta juu ya mti wa jirani. Wengine hutumia masanduku yenye mfuniko wa kioo, au chupa kubwa za maji zilizokatwa vitako. Vitalu nyumba vinafaa, ila siku ya jua ya Aprili joto ndani yake hupanda ghafla, na miche hufa kwa kukaangwa siku ileile ambayo mwenyewe alikuwa akihofia baridi.

Miche iliyolelewa dirishani hukomazwa kwa siku 7 hadi 14: mchana nje kivulini, usiku ndani, kisha nje moja kwa moja. Baridi si adui pekee. Upepo mkavu wa mashariki hukausha majani laini haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta maji.

Mvua ya vuguvugu nayo huleta makoa na konokono, wanaoweza kumaliza mstari mzima wa saladi kwa usiku mmoja. Vidonge vya metaldehidi vilipigwa marufuku kutumiwa nje nchini Uingereza mwaka 2022. Vya fosfeti ya chuma bado vinaruhusiwa. Wengine humwagilia minyoo wadogo wanaowashambulia makoa, na hao hawafanyi kazi udongo ukiwa chini ya nyuzi 5. Bado njia ya kale ya kutoka na tochi na ndoo baada ya saa 3 usiku ndiyo ya bei nafuu.

Pengo la njaa

Jambo linalomshangaza mgeni ni kwamba bustani huwa na chakula kidogo kabisa wakati inapopendeza zaidi. Kuanzia Aprili hadi mapema Juni mboga za baridi kama liki na kabichi zimepanda maua, akiba ya viazi imechipua, na kilichopandwa bado ni kidogo. Pengo hilo hujazwa na brokoli ya zambarau, spinachi ya mabua mapana, rubarbi yenye mashina ya kupikwa na sukari, na asparaga, ambayo kwa desturi huanza kukatwa karibu na tarehe 23 Aprili na kuachwa karibu na 21 Juni ili mizizi ipumzike. Wapangaji wenye asili ya Asia, Karibi na Afrika wameongeza mimea yao, mchicha ukiwemo, lakini huo hupandwa mwisho kabisa, usiku ukishakuwa wa joto.

Usiku huo wa joto ukifika, mwenye bustani hubadilisha namba anayoiangalia. Badala ya sifuri anatafuta siku mbili mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10 na unyevu wa hewa ulifika asilimia 90 kwa angalau saa 6 kila siku. Hicho ndicho kipimo cha Hutton, kinachotumika Uingereza tangu 2017 kutoa tahadhari ya ukungu wa viazi.