Baada ya mshtuko wa moyo, hatari haijaisha

Mgonjwa akisharudi nyumbani, huku kwetu Pwani watu hujaa kumtazama, na kila mmoja humwambia ameshapona. Bado. Sehemu ya nyama ya moyo imekufa kwa kukosa damu, na kovu lake huchukua wiki 6 hadi 8 kukomaa. Ndani ya muda huo kuna mambo kadhaa yanayoweza kumuua.

Saa za mwanzo linalohofiwa ni mapigo kuvurugika: moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu huanguka papo hapo. Tiba yake ni mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Kwa hivyo mwenye maumivu ya kifua apelekwe hospitali, asilazwe nyumbani akinyweshwa tangawizi kwa dhana ya gesi. Akianguka na hapumui, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Siku chache baadaye nyama iliyokufa hulainika na huweza kupasuka. Ni nadra, lakini presha ikishuka ghafla na pumzi ikakata, huenda akahitaji operesheni ya haraka.

Linaloonekana zaidi majumbani ni moyo kuchoka, maji yakajaa mapafuni. Mgonjwa hawezi kulala bila mito mitatu, huamka usiku akihema, miguu inavimba. Mpimeni uzito kila asubuhi akishatoka msalani. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, kwa kawaida hayo ni maji. Mpigieni daktari siku hiyo hiyo. Ng'onda, papa mkavu na achari aviache (na hapa wa kulaumiwa ni mpishi kuliko mgonjwa). Akikohoa povu lenye damu damu, mkalisheni wima, msimlaze, na mkimbizeni hospitali.

Damu nayo huweza kuganda ndani ya moyo uliodhoofika, kisha bonge likapanda kichwani: mdomo unakwenda upande, mkono unalegea, maneno hayatoki sawa. Hicho ni kiharusi, msingoje kupambazuke.

Aliyewekewa stenti, kile kijibomba cha waya kinachopanua mshipa, mara nyingi humeza aspirini na klopidogreli pamoja kwa takriban mwaka mmoja. Wako wanaoziacha ili wang'oe jino au wafanyiwe hijama. Stenti inaweza kuziba ghafla, na huo ni mshtuko mwingine. Na akifanyiwa hijama ya kuchanjwa huku anazimeza, damu huenda isikatike upesi. Amwulize daktari kwanza.

Wanaume wana lao wanaloficha: dawa za nguvu za kiume. Zikikutana mwilini na kile kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi, presha huporomoka kiasi cha kuua. Mwambie daktari bila haya, ameshasikia makubwa kuliko hayo.