Stika za Bei na Bilauri za Biharusi

Wiki moja kabla ya harusi ya mdogo wetu tulikaa chini kufungua maboksi ya bilauri, dazeni mbili zenye maua ya dhahabu, kila moja na stika ya bei tumboni. Tukaziroweka, kisha tukashika stilwaya. Karatasi ilitoka, gundi ikabaki inanata, na katika bilauri tano dhahabu ikatoka yote. Mama yake biharusi hakusema neno. Alizipanga kabatini tu, upande uliochubuka ukaelekea ukutani.

Bibi alitushangaa. Enzi zake chupa ya marashi ikiisha ilitiwa kwenye beseni la maji, na baada ya muda karatasi inaelea yenyewe. Hakuwa anajisifu. Lebo za zamani zilibandikwa kwa gundi ya unga uliopikwa, au kwa utomvu wa mgunga, ule ambao Sudan imekuwa ikiuuza nje tangu zamani. Gundi zote mbili huyeyuka kwa maji. Ndiyo maana hata stempu ya barua ilikuwa ikilambwa.

Iliyobadilisha mambo ilitokea mbali na kwetu, Los Angeles, Marekani, mwaka 1935. Kijana mmoja, R. Stanton Avery, alitaka kutengeneza lebo zenye gundi tayari, zisizohitaji maji wala ulimi. Mtaji hakuwa nao. Dola 100 za kuanzia alikopeshwa na mchumba wake, Dorothy Durfee, mwalimu wa shule. (Mabibi harusi, hapo nasi tulisimama kidogo. Vitabu humtaja Avery kwanza. Sisi tungeanza na mwenye pochi.) Mashine yake aliiunga kwa mota ya mashine ya kufulia, vipande vya cherehani na msumeno. Lebo ilikatwa ikiwa imekaa juu ya karatasi ya mgongo, unaibandua na kuibandika popote. Akaziita Kum-Kleen, jina la kuahidi kwamba zitatoka safi!

Ahadi hiyo ilikuwa na masharti yake. Gundi za namna hii kwa asili zilitokana na mpira uliochanganywa na utomvu mzito wa miti. Hazikauki, hushika kwa kubonyezwa tu. Stika mpya huwa rahisi kubandua. Ikikaa miezi dukani kwenye joto, gundi hutambaa na kushikamana na kioo, karatasi nayo hudhoofika, kwa hiyo ukivuta inachanika juu na gundi inabaki chini. Maji hupita juu yake kama juu ya jani la mgomba. Ujuzi wa bibi ulikuwa sahihi, gundi ndiyo iliyobadilika.

Kitu cha mpira na utomvu hulainika kwa mafuta, na mafuta ya nazi tunayo jikoni. Ipashe stika joto kwanza, kwa mashine ya kukaushia nywele au kwa kuiweka bilauri juani, kisha ibandue polepole kuanzia pembeni. Gundi iliyobaki ipake mafuta, iache nusu saa, ifute kwa kitambaa laini, osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Gundi nyingi za siku hizi ni za akriliki, na baadhi hukaidi mafuta. Hizo zijaribu kwa pamba yenye spiriti, lakini usiguse maua ya dhahabu. Maji yanayochemka usiyamwage kwenye bilauri baridi, itapasuka. Stilwaya na wembe tumeshawaeleza.

Na vidole vyenu viangalieni kabla ya kutia udhu, kwani gundi iliyoganda huzuia maji kufika kwenye ngozi. Mafuta yale yale huitoa, kisha sabuni.

Bilauri kumi na tisa zilizobaki tulizimaliza kwa mafuta jioni ile, baada ya magharibi, shangazi wawili wakisaidia. Zile tano bado zipo kabatini. Wageni wakiwa wachache, biharusi hazitoi.