Mgeni Tumboni mwa Ötzi

Septemba 1991, watu wawili waliokuwa wakitembea kwenye milima ya Alpi, mpakani mwa Italia na Austria, waliona maiti ikichomoza kwenye barafu. Ndiye anayeitwa leo Ötzi, aliyeuawa kwa mshale yapata miaka 5,300 iliyopita.

Tumbo lake lilichelewa kutambuliwa kwa kuwa lilikuwa limepanda chini ya mbavu. Lilipofunguliwa, chakula kilikuwa bado kimo: nyama ya mbuzi-mwitu na ya kulungu, mafuta tele, ngano ya kale. Kulikuwa na mgeni pia, bakteria *Helicobacter pylori*, yule yule wa vidonda vya tumbo.

Bakteria huyu huambukizwa zaidi nyumbani, mzazi kwa mtoto. Watu wakihama, naye yumo safarini. Alitoka Afrika pamoja nasi yapata miaka 60,000 iliyopita.

Wazungu wa leo wana bakteria chotara, wa asili ya Asia na Afrika. Wa Ötzi, kama ilivyotangazwa mwaka 2016, alikuwa karibu wa Kiasia mtupu. Inaelekea basi damu hiyo ya Kiafrika, tukiiita hivyo, ilienea Ulaya baada yake. Ushahidi ni wa tumbo moja tu, lakini tumbo hilo lina uzito.

Ötzi amehifadhiwa Bolzano, Italia, kwenye baridi ya nyuzi 6 chini ya sifuri.