Morogoro, 1953: Bei ya Gari Ilipokuwa Kanuni ya Mashindano

Wapenzi wa magari madogo yenye mbio wameshika simulizi moja: mambo yalianza na Volkswagen Golf GTI mwaka 1976, yakaenea Ulaya na Japani, na huku kwetu Tanzania yakafika yamechelewa, milango ya biashara ilipofunguliwa zama za Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, na baadaye Toyota Starlet za tabo zikashuka bandarini Dar es Salaam. Kwa umbo la gari, simulizi hiyo inakubalika. Kwa wazo lenyewe, kwamba gari la bei nafuu linaweza kumtoa jasho tajiri, imekosea, na anayetaka ushahidi aanzie Morogoro. Mashindano ya magari ya Coronation Safari, yaliyokuja kuitwa Safari Rally, yalipoanzishwa mwaka 1953, magari yaliondokea miji mitatu: Nairobi, Kampala na Morogoro. Madaraja yakapangwa kwa bei ya gari dukani, si kwa ukubwa wa injini. Mshindi wa jumla hakutangazwa, lakini gari linalokumbukwa ni Volkswagen ya Alan Dix, kobe mwenye injini ndogo nyuma.

Watasema wasomaji kuwa ule ulikuwa mchezo wa walowezi, na kwamba mkulima wa Matombo au Kinole, huko huko Morogoro, hakuwa na uwezo wa kununua hata hiyo Volkswagen. Ni kweli, na haifai kufichwa. Hata hivyo hoja hiyo inahusu nani alishika usukani; haifuti kilichothibitishwa barabarani, ambacho kilimgusa kila abiria wa teksi. Peugeot 404, gari la familia na la teksi lenye injini ya sentimita za ujazo 1,618, ndilo lililothibitisha. Katika Safari ya mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza saba tu, na Nick Nowicki akashinda kwa 404. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, akashinda yeye yule kwa gari lile lile. Katikati, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, nao kwa 404. Wanaopima gari kwa kasi ya lami wataiona 404 nzito. Kipimo hicho hakina maana katika matope ya masika, pale springi na chesisi zinapoamua nani afike. Mwaka 1974 Joginder Singh aliyarudia hayo: Mitsubishi Lancer yake ya injini ya lita 1.6 iliiacha nyuma Porsche ya Björn Waldegård.

Kwa nini basi Starlet ina mashabiki, na 404 ya Shankland haitajwi? Si kwa sababu ilikuwa dhaifu. Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalibaki ndani ya Kenya, na kumbukumbu ikabaki huko pamoja na majina ya madereva kama Joginder na Shekhar Mehta. Tanzania ikaingia miaka ya uhaba wa mafuta na vipuri, magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri. Peugeot hazikuwekwa uvunguni zisubiri wakusanyaji. Zilibeba abiria na mizigo, zikachakaa kazini.