Miaka 20 ya Wapangaji Mlimani City

Zamani mkazi wa Dar es Salaam aliyetaka friji, viatu vya shule na mkate kwa siku moja ilibidi azunguke: Kariakoo kwanza, kisha Mtaa wa Samora, mkate akaununua dukani kwa jirani jioni akirudi. Mwaka 2006 Mlimani City ikafunguliwa kando ya Barabara ya Sam Nujoma, kati ya Mwenge na Ubungo: maduka yote chini ya paa moja, ndani kukiwa na kiyoyozi. Wengi walianza kwa kwenda kutembea tu, na si vibaya. Ubaridi wa bure Dar haukataliwi.

Ardhi yenyewe ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilizaliwa 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani 1964 na kupata eneo kubwa kuliko kilivyoweza kulijenga. Mwaka 2004 kiliingia mkataba na Mlimani Holdings, kampuni tanzu ya Turnstar Holdings ya Botswana. Mwekezaji angejenga na kuendesha kwa miaka 50, chuo kikipata asilimia 10 ya mapato.

Maduka ya aina hii husimama kwa mpangaji mkubwa. Yeye hupewa nafasi pana, mara nyingi kwa kodi nafuu kwa kila mita ya mraba, kwa sababu ndiye anayevuta watu. Wenye maduka madogo hulipa zaidi ili wapate wapita njia wake. Mlimani City ilianza na wakubwa wawili, wote wa Afrika Kusini: Shoprite kwa chakula, Game kwa televisheni, majiko, mahema na viti vya bustani. Bei ilibandikwa kwenye rafu na hapakuwa na wa kumwomba apunguze, jambo lililomkera kila aliyelelewa Kariakoo.

Mwaka 2014 Shoprite iliondoka nchini, maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya, kampuni iliyoanzia kwenye biashara ya magodoro mjini Nakuru. Nembo ya tembo ikapanda ukutani. Haikudumu. Nakumatt ilikuwa imefungua matawi mengi kwa fedha za kukopa, na wauzaji wa jumla walipochoka kudai wakaacha kuleta mizigo. Kufikia 2017 rafu zilikuwa zikibaki wazi tawi baada ya tawi, na Januari 2018 mahakama jijini Nairobi ikaiweka kampuni chini ya msimamizi. Game ilikaa muda mrefu zaidi. Kampuni mama yake, Massmart, ilikuwa imenunuliwa kwa sehemu kubwa na Walmart ya Marekani mwaka 2011. Miaka 10 baadaye ikatangaza kujitoa Afrika Mashariki na Magharibi, na 2022 duka likafungwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeondoka kwa sababu Mlimani City ilikosa watu. Uamuzi ulitoka kwenye vitabu vya hesabu vya mbali.

Waliobaki ni wale ambao hakuna aliyewaandika magazetini siku ya ufunguzi: benki, kampuni za simu, wauza dawa, migahawa. Na ukumbi. Ukumbi wa mikutano ndio umeipa Mlimani City jina hata kwa asiyewahi kununua kitu pale. Usiku wa kuamkia Januari 22, 2025, nchi ilikesha ikifuatilia kura za uenyekiti wa chama cha CHADEMA zikihesabiwa humo, hadi Tundu Lissu alipomshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482. Chuo nacho hufanyia humo mahafali yake: mwenye ardhi na joho lake, mgeni katika ukumbi wa mpangaji.

Mkataba wenyewe umezua maneno kila mara. Kamati za Bunge ziliihoji ile asilimia 10, zikauliza pia ilipo hoteli iliyotajwa kwenye makubaliano na ambayo haikujengwa pamoja na maduka. Kwa maoni yangu, swali la hoteli ni dogo. Chuo chenye wanasheria na wachumi wa kutosha kilipaswa kujadiliana kwa ukali zaidi mwaka 2004, kabla ya tofali la kwanza.