Nanga Ilivuka Ziwa na Watawala

Mchina anayetafuta chimbuko la "Liu Shui", wimbo wa guqin, kinanda cha nyuzi saba, ana karatasi ya kushika: noti zake zimo katika kitabu alichokikusanya mwana wa mfalme, Zhu Quan, mwaka 1425. Anayefuata nyayo za nanga ya Ziwa Victoria hana kitabu. Ana mitumbwi na koo za watawala.

Nanga ni ubao uliochongwa mfano wa chano kirefu. Uzi mmoja, zamani wa kano, hupitishwa huku na huko kwenye meno ya ncha mbili hadi zipatikane nyuzi saba au nane. Mpigaji huzidonoa akighani.

Ukitoka Mwanza kwa kivuko cha Nansio, unaingia kisiwa cha Ukerewe. Wakerewe husimulia kwamba watawala wao wa ukoo wa Abasilanga walitoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi, wakiongozwa na Katobaha. Nanga nayo ipo kote kuwili, na sidhani ni bahati tu. Sikiliza lugha: Kikerewe ni ndugu wa Kihaya kilicho mbali, wakati Kisukuma cha jirani hapo Mwanza ni jamaa wa Kinyamwezi. Maji hayakuwa kizuizi. Mwaka 1875 mvumbuzi Stanley alimwendea Rukonge, mtawala wa Ukerewe, kuomba mitumbwi ya kuvushia watu wake kwenda Buganda.

Ihangiro leo imo wilayani Muleba, na huko Uhayani, nchi ya Wahaya, ndiko nanga ilikonenepa. Tendi kama Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha zilighaniwa ikulu na penye rubisi, pombe ya ndizi; mtafiti M. M. Mulokozi alizifanyia tasnifu yake ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mugasha ndiye mzimu wa ziwa. Waganda humwita Mukasa, na hekalu lake lilikuwa Bubembe, visiwani Ssese. Ukiuliza nani alimtunga, unauliza ni kijiji gani chenye ziwa.

Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wapiga nanga wa Kihaya mwaka 1950, watawala wakiwa bado vitini. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria, na wapigaji wakabaki na harusi na rubisi. Wengi huliita hilo anguko. Mimi sina hakika: ikulu ilitaka kusikia sifa za babu zake, lakini penye rubisi mpigaji anaweza kughani aibu ya mfalme bila kumtazama mfalme usoni.