Lori Inakata Nguvu Mlimani? Soma Hii Kabla Ununue Pampu ya Mafuta

Kuna msee mmoja, jina tuache, aliingia biashara ya Canter na mabeshte wawili. Walichanga, wakaongeza loni ya sacco, wakaokota Canter ya injini ya 4D33, mtumba lakini bado iko na pumzi. Wiki za kwanza mambo fiti. Halafu ikaanza madharau. Asubuhi inakataa kuwaka hadi mtu apige pampu ya mkono mara ishirini. Ikitoka Narok na nyanya, ikifika ile panda ya Mai Mahiu inakata nguvu kama mtu amefunga mfereji. Fundi akasema pampu ndogo imeisha. Wakanunua ingine ya bei ya chini, kisanduku kinang'aa, jina karibu lifanane na la kampuni kubwa, herufi moja tu ndiyo imeruka.

Gari ikawaka. Dere akasema hata oil haili tena, ukivuta dipstick kiwango kiko juu kuliko jana. Wote wakafurahi. Mwezi wa pili injini ikaanza kugonga, na hapo ndipo fundi mwingine alinusa ile oil na kupata imejaa dizeli. Hiyo pampu mpya ilikuwa inavujia ndani. Injini ikafunguliwa, loni ikabaki palepale, na grupu yao ya WhatsApp ikageuka kuwa korti.

Hii ndiyo sababu tunaongea leo kuhusu kitu kidogo hivi. Wengine wanaiita fidi pampu, wengine lifti pampu, wengine prima tu. Kazi yake ni kuvuta dizeli kutoka tanki, kuipitisha kwa filta na kuifikisha kwa injekta pampu. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na vitu inaweza kuharibu, na hapo ndipo wasee wengi huchomeka: wananunua kwa kuangalia bei yake, si bei ya kile kitaharibika ikikosea.

Kwanza, una uhakika ni pampu?

Kabla utoe doo, jua hili. Nyingi za hizi pampu zinazotupwa hazina shida. Gari ya dizeli ikikosa nguvu mlimani, washukiwa ni wengi: filta imeziba, kichujio cha ndani ya tanki kimejaa takataka, kitundu cha hewa cha tanki kimezibwa na matope, paipu ya mpira imepasuka kwa ndani, ama zile washa za kopa kwa bolti za paipu zimelegea. Na hapa kuna mtego. Kati ya tanki na pampu, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Kwa hivyo paipu ikiwa na ufa upande huo, hutaona dizeli ikidondoka chini. Itakuwa inaingiza hewa kimyakimya, na wewe unakaa ukilaumu pampu.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine. Tafuta kibuyu kisafi, jaza dizeli, kiweke karibu na injini, kisha chomoa paipu ya kutoka tanki na uweke paipu fupi safi kutoka kwa kibuyu hadi kwa mdomo wa pampu. Toa hewa, washa, enda nayo raundi mtu akishikilia kibuyu vizuri (mbali na moto na ekzosi, usiwe shujaa). Ikikimbia bila kulia, pampu yako ni nzima na ugonjwa uko nyuma. Ikizidi kukata nguvu, sasa tuongee pampu. Ukiweka paipu ya plastiki inayoonyesha ndani utaona pia kama kuna mapovu.

Fundi akikataa kufanya hiki kipimo na anataka tu pesa ya spea, hiyo nayo ni jibu.

Jua gari yako inataka gani

Hapa ndipo duka litakuuliza "ni ya gari gani?" na ukijibu "ni ya dizeli" umekwisha. Zile Canter za zamani, FH na Isuzu nyingi za enzi ya injekta pampu ndefu ya mstari, zina pampu ndogo ya pistoni iliyofungwa ubavuni mwa injekta pampu. Kemu ya ndani inaisukuma, springi inairudisha, vali mbili ndogo zinafungua na kufunga. Juu yake kuna kile kibonyezo cha mkono. Haina stima yoyote.

Hilux na Land Cruiser za zamani, mfano zile za 1HZ, ni hadithi ingine. Injekta pampu yake ya mviringo iko na pampu yake ya kuvuta mafuta ndani kabisa. Kile unabonyeza juu ya filta ni cha kutoa hewa tu. Halafu kuna za kisasa za komoni reli, kama D-Max ya injini ya 4JJ1, ambazo pampu ya presha kubwa pia inajivutia yenyewe. Gari kama hizi, ukisikia mtu anakuambia "weka pampu ya stima itasaidia", muulize itasaidia nini. Mara nyingi inaficha tu paipu inayoingiza hewa. Hewa inaacha kuingia kwa sababu sasa mafuta yanasukumwa, na siku ile pampu ya stima inakufa uko palepale, pengine usiku, pengine Salgaa.

Somo la Marekani

Watu walioumia zaidi na hii kitu ni wenye Dodge Ram za injini ya Cummins ya lita 5.9 yenye vali 24, za kati ya 1998 na 2002. Hizo zilikuwa na injekta pampu ya Bosch inayoitwa VP44, ambayo inapozwa na kulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Pampu ndogo ya stima ilikuwa imefungwa pale kwa injini, mbali na tanki, kwa hivyo ilikuwa inavuta kutoka mbali. Ikichoka haikupiga kelele. Gari iliendelea kutembea kwa sababu VP44 ilijivutia kidogo kidogo, huku ikiungua pole pole. Siku ukijua kuna shida, shida ni ya ile kubwa.

Wenye hizo gari walijifunza kuweka geji ya presha na kuitazama mguu ukiwa chini, mzigo ukiwa nyuma. Kanuni yao ikawa hivi: isishuke chini ya psi 10, karibu baa 0.7, hata ukipanda mlima. Vali ya VP44 ya kurudisha mafuta tanki hufunguka karibu psi 14, na mafuta yanayopita hapo ndiyo yanaipoza. Pampu inaweza kuonyesha 14 gari ikiwa imesimama na kuanguka hadi 3 ikivuta mzigo. Kwa duka, ukiishika mkononi, zote mbili zinafanana.

Hizo namba ni za VP44, usizibebe hadi kwa Canter yako. Yako iko kwa kitabu cha sevisi, ama kwa fundi mwenye mashine ya kupima injekta pampu. Lakini mazoea yao yabebe yote: pima gari ikiwa na mzigo, na pima baada ya filta, si kabla.

Hata hao Isuzu wa kule wana yao. Zile Chevrolet za Duramax, injini ambayo GM walitengeneza pamoja na Isuzu, zilitoka kiwandani kuanzia modeli ya 2001 bila pampu ya stima ya kuinua mafuta kabisa, na wenye nazo wakazoea kujiongezea. Ndiyo maana YouTube imejaa majina kama FASS na AirDog. Ni pampu za nguvu, zinatenganisha hewa na maji, na zile za kawaida zinapimwa kati ya galoni 95 na 165 kwa saa, yaani kama lita 360 hadi 625. Ukiona hizo namba usipagawe. Zimetengenezewa pikapu zilizoongezwa nguvu, za voti 12.

Na hiyo voti ndiyo inaleta kilio hapa kwetu. Canter nyingi, FH, NQR, ni voti 24, betri mbili. Msee ananunua pampu ya stima ya voti 12, hata saa zingine ile ya gari ya petroli ya kabureta, halafu "anaiba" stima kwa betri moja kati ya mbili. Inafanya kazi, ndiyo. Lakini betri moja inaishiwa na ingine inajazwa kupita kiasi, na baada ya muda unanunua betri mbili juu ya pampu moja. Ukiiunganisha moja kwa moja kwa 24, inaungua tu. Angalia voti kabla uangalie bei.

Lita kwa saa: usidanganywe na kisanduku

Tuseme lori yako na mzigo inakula lita moja kwa kilomita tano, na unaenda kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni lita 10 kwa saa. Muuzaji atakuambia pampu ya lita 30 ni nyingi sana. Si kweli, juu injekta pampu inahitaji mafuta mengi zaidi ya yale inachoma. Yanayobaki ndiyo yanabeba joto na hewa kurudi tanki. Na ile lita iliyoandikwa kwa kisanduku mara nyingi imepimwa bila upinzani wowote, mdomo ukiwa wazi. Swali la kuuliza ni hili: inatoa lita ngapi ikiwa kwa presha ya kazi? Kama mwenye duka hajui na karatasi haisemi, hiyo namba ya nje ni pambo.

Orijino, ex-Japan ama ile ya kisanduku?

Maoni yangu, na wauzaji hawatayapenda: kwa zile pampu za pistoni, chaguo la kwanza ni kutengeneza ile ya kiwandani uliyo nayo. Dukani uliza "kit ya pampu": unapata vali, springi na sili. Kama mwili haujapasuka na ile fimbo inayosukumwa na kemu haijalika, pampu inarudi maisha mengine. La pili ni mpya ya kampuni iliyotengeneza injekta pampu yako, yenye namba ileile iliyo kwa kibati. La tatu ni ex-Japan iliyowekewa kit mpya, si ile ya kufutwa vumbi tu. Ile ya kisanduku kisicho na mwenyewe inakuja mwisho, na ni ya kukufikisha nyumbani, si ya kufanyia biashara.

Ukiwa Kirinyaga Road ama popote unanunua, enda na ile ya zamani mkononi. Linganisha uzito, nyuzi za bolti na urefu wa fimbo. Namba isome yote, si nusu. Halafu ipime pale kaunta: lowesha kidole na mafuta kidogo, ziba mdomo wa kuingilia, bonyeza pampu ya mkono mara mbili tatu. Lazima kidole kivutwe na kubaki kimeshikwa kwa muda. Kikiachiliwa mara moja, vali hazifungi. Jaribu kuzungusha na kufunga kile kibonyezo. Kikiwa kinacheza kitaingiza hewa. Fimbo nayo isukume na uone kama inayumba, juu hapo ndipo dizeli ilipitia ikaingia kwa oil ya wale mabeshte watatu. Na umalize haya yote kabla ulipe, kwa sababu lile bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" liko ukutani kukusubiri.

Usisahau mafuta yenyewe. Mafuta taa ni membamba na hayalainishi vizuri kama dizeli, na pampu yoyote, hata orijino, inalika haraka ikinyweshwa mchanganyiko. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili wachanganyaji wasipate faida. Lakini dizeli ya mitungi kando ya barabara bado ni bahati nasibu.

Kama ni ya stima, ifunge chini, karibu na tanki, kwa sababu pampu inasukuma vizuri kuliko inavyovuta. Weka kichujio kabla yake, relei na fyuzi yake yenyewe, na swichi inayoizima injini ikifa, ili ajali ikitokea isiendelee kumwaga dizeli barabarani.

Ukishafunga, toa hewa yote, kaza bolti na washa mpya za kopa, si zile ulizofungua. Alama ya oil iandike mahali siku hiyo. Wiki mbili za kwanza vuta dipstick kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ikishuka kidogo ni kawaida ya gari ya kazi. Ikipanda, hata kama ni milimita chache, usiiwashe: nusa ile oil, na upigie fundi.